Pedi ya Mkono wa Nestori

Mwezi uliopita nilipeleka simu yangu kwa fundi, na alipoipasha moto ili kioo kibanduke, harufu ya plastiki inayoanza kulainika ikanipanda puani. Nikashika ukingo wa meza yake. Akaniuliza kama nimepata kizunguzungu. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Ningemwelezaje kijana wa watu kwamba kwa muda ule mfupi nilikuwa nimerudi Kasulu, chumba cha nyuma cha duka la Mama Zuhura, televisheni ndogo imechemka juu ya kreti za soda, jenereta inanguruma uani, na Nestori amekaa kwenye mkeka akiwa ameshika pedi ya gemu kwa mkono usiotaka kufunguka?

Tuliokulia milima ile miaka ile tunaikumbuka kila mtu kivyake. Wengine wanakumbuka malori ya mahindi ya msaada yakipita na vumbi jekundu. Mimi nakumbuka neno moja: kule. Nyumbani kwetu, Burundi haikutajwa kwa jina. Wakubwa walisema, "Kule wamechoma tena." "Yule mama katoka kule jana." "Kule hakurudiki." Mama yangu alizaliwa kule, akaolewa huku kabla mambo hayajaharibika, na kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana kama watoto wa nyumba moja, hakuna jirani aliyemchokonoa. Nestori alikuwa mtoto wa dada yake. Mimi nilimwita kaka.

Alifika mchana wa mvua, miguu imevimba, mkono wa kushoto umefungwa kipande cha kitenge kilichonuka. Alikuwa ameinua bati la nyumba iliyokuwa inawaka. Chini ya lile bati palikuwa na nini hakusema, na mama alinikanya nisimuulize. Akalazwa wodini, hospitali ya misheni, muda mrefu kiasi kwamba nilizoea kumpelekea uji kabla ya kwenda shule. Alipotoka, akaja kukaa kwetu. Tulikuwa watatu tu, maana baba alikuwa kazini reli, Kigoma mjini, akija mara chache.

Kisheria Nestori alitakiwa awe kwenye kambi ya wakimbizi. Hakuwa na karatasi yoyote. Mtu akiuliza, jibu lilikuwa moja, na mama alinifundisha kulisema bila kupepesa macho: huyu ni mtoto wa ndugu zetu wa Kumsenga. Nililisema hadi nikaanza kuiona hiyo Kumsenga akilini, na nyumba yake, na mbuzi wake.

Muuguzi aliyemhudumia tulimwita Sista. Alikuja jioni, baada ya zamu, akakaa kwenye kigoda chetu na kuuweka ule mkono mapajani kwake.

"Kunja. Haya, kunjua. Kunjua, mwanangu, bado."

"Inauma, Sista."

"Najua. Kovu hili ni kama ngozi ya ngoma, ukiliacha linajivuta lenyewe."

Vidole vya Nestori vilikuwa vinajikunja kuelekea kiganjani, kidogo kila wiki, kama jani linalonyauka. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeshalala kabisa. Jioni moja nilikuwa nachambua maharage nyuma ya mlango, nikamsikia Sista akimwambia mama kwa sauti ya chini, "Mkono ukikataa, hakuna njia nyingine. Itabidi tumrudishe kule." Mama akaziba mdomo kwa kanga.

Maharage yakanitoka mikononi. Kule. Nilikuwa na umri wa kujua maana ya neno hilo, au hivyo nilidhani. Mkono usipofunguka, Nestori atarudishwa kwenye moto. Sikuona ajabu yoyote katika sheria hiyo. Wakubwa walikuwa na sheria nyingi zisizoeleweka, na hii ilikuwa mojawapo. Kuanzia siku ile nikawa naviangalia vidole vyake wakati anakula, wakati analala, wakati anafunga vifungo vya shati.

Gemu lilikuja bila sisi kulitafuta. Mume wa Mama Zuhura alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Ujiji, na katika safari zake za Dar alirudi na dude la plastiki la kuchomeka kaseti, pamoja na pedi mbili. Jenereta ilipowashwa ili friji ya soda ipoe, watoto wa mtaa tulijaa chumba cha nyuma. Mama Zuhura alimwona Nestori amesimama mlangoni, mkono kauficha mfukoni.

"Wewe mrefu, mbona umesimama kama askari? Ingia, baba. Kaa ucheze."

Akakaa. Kwenye skrini kulikuwa na kijitu kinachoruka mashimo, na dole gumba la kushoto ndilo lililotakiwa kusukuma ule msalaba wa pedi, mbele, nyuma, juu. Dole gumba lile lilikuwa halijafanya kazi tangu bati. Nikaliona linasita, linatetemeka, linasukuma. Kijitu kikaruka. Nestori akatoa sauti, na mimi sikujua kama ni kicheko, kwa sababu nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Baada ya majuma machache Sista alishangaa. "Mnampa nini huyu? Dole gumba limeamka."

Mama akaona aibu kusema. Nikasema mimi. Sista akaja hadi dukani kuiona pedi yenyewe, akaigeuzageuza. Ilikuwa bapa, pembe nne kali, nyembamba kama kibao cha kuandikia. "Gemu liendelee," akasema. "Ila kitu hiki kinamkunja. Ili asikiangushe inabidi avibane vidole, na sisi tunataka avifungue. Mtafutieni kitu kinene, cha mviringo, kijae kiganja. Nitamwangalia tena mwezi ukiisha, ndipo tutaamua."

Tutaamua. Nililibeba neno hilo hadi nyumbani kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa.

Siku chache baadaye kovu likapasuka. Pembe ya pedi ilikuwa imelikata palepale kiganja kinapokunjwa, na damu ikaingia kwenye vitufe. Nestori akaiweka chini, akatoka. Hakurudi dukani. Mkono ukarudi mfukoni, na mimi nikaanza kuhesabu jinsi mwezi ulivyokuwa unaisha.

Tulijaribu mambo mengi. Nilikata sponji ya godoro langu nikaizungushia ile pedi, nikaifunga kwa uzi. Ikawa inazunguka mkononi na kuficha vitufe. Mama alichonga kipande cha mgomba, kilipokauka kikasinyaa. Kisha siku ya kufua, Nestori alikuwa ameshika mche wa sabuni uliolowa kwenye beseni, akawa anauangalia.

"Mama mdogo," akasema, "hii haiumi."

Sabuni ilikuwa imelainika ikajaa kiganja chake, na vidole vyake vilikuwa vimelala juu yake vimefunguka nusu, vimetulia. Alipoitoa, alama zake zilibaki pale: mifereji mitatu ya vidole, shimo la dole gumba, na upande ambao kidole cha mwisho hakikugusa. Tukaianika kivulini ikakauka ikawa ngumu. Sasa tulikuwa na mkono wa Nestori ambao ungeweza kusafiri.

Maana safari ilikuwa lazima. Mama Zuhura alisema kaka yake, Haruna, mwenye duka Kibondo, ana kila takataka ya gemu, pedi za kila umbo, na dude lake ni aina ileile ya kwetu, plagi ni moja. Mama alikuwa na madumu ya mawese ya kupeleka Kibondo. Nestori hakuweza kwenda. Kwenye kizuizi cha barabarani angetakiwa kufungua kinywa, na Kiswahili chake kilikuwa kinamtaja kabla hajamaliza salamu. Nililia hadi mama akakubali kunichukua. "Ila ukinyamaza," akasema. "Njia nzima, Yusta. Unanyamaza."

Lori lilisimamishwa kizuizini baada ya Makere. Tulishushwa wote. Askari mmoja alikuwa amechuchumaa kando ya pikipiki, mnyororo umemtoka, mikono yote miwili myeusi kwa grisi. Mwingine alikuwa anapekua mizigo. Alifungua kapu la mama, akatoa mkungu mdogo wa ndizi, kanga, na kile kifurushi cha gazeti.

"Hii nini?"

"Sabuni, afande," mama akasema.

"Sabuni gani imekamatwa hivi?" Akaiinua juu. Akaweka vidole vyake kwenye ile mifereji, kimoja kimoja, polepole. "Mkono wa nani huu?"

Nilikuwa nimesikia kwamba kule watu wanapimwa pua na kimo, ikaamuliwa ni nani. Nikaona ni wazi kabisa kwamba huku wanapima mikono. Nikaona askari anausoma ule mkono kama mwalimu anavyosoma jina kwenye daftari.

"Wa kijana wangu. Ameikanda wakati wa kufua."

"Kijana wako ana vidole vitatu na dole gumba? Cha mwisho kiko wapi?"

"Aliungua, afande. Moto."

"Moto wa wapi?"

Upepo ulipita ukalipeperusha lile gazeti. Abiria wengine walikuwa wameangalia pembeni, kama watu wanavyofanya wanapoona jambo lisilo lao. Ndipo yule wa pikipiki akainuka akinyoosha mikono yake myeusi.

"Lete hiyo sabuni hapa. Grisi hii haitoki kwa mchanga."

Akatupiwa. Akamwagiwa maji ya kopo, akaanza kunawa. Alinawa kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote, akaizungusha ile sabuni mikononi, povu jeusi likidondoka, na mimi nikautazama mkono wa Nestori ukiyeyuka. Nilitaka kupiga kelele. Mama alinibana bega kwa nguvu hadi nikahisi kucha zake. Alipomaliza akamrudishia mama, akasema asante, mama, akarudi kwenye pikipiki yake. Yule wa kwanza akaangalia foleni ya magari nyuma yetu, akatuashiria tupande.

Kwenye lori niliifungua. Mifereji ilikuwa imebaki kama makunyanzi. Nikaishika mikononi bila kuibana, njia yote hadi Kibondo, nikijaribu kukumbuka kila bonde lilikuwa na kina gani.

Tulilala kwa mteja wa mama, na asubuhi tukaenda kwa Haruna. Duka lake lilinuka mafuta ya taa na maandazi, na nyuma ya pazia palikuwa na benchi na televisheni. Alitupokea vizuri kwa sababu ya dada yake, akanitolea boksi la pedi. Nilikaa sakafuni nikazijaribu. Niliweka kila pedi juu ya sabuni, kisha nikaishika kwa mkono wangu wa kushoto nikivikunja vidole kama vyake. Nyingi zilikuwa bapa. Nyingine zilikuwa za duara lakini nyembamba kama sahani. Nyingine ilikuwa nene ila na ncha chini, palepale kovu lilipo. Boksi likabaki tupu.

Nikainua macho. Kwenye benchi alikuwa amekaa mwanaume mmoja anacheza, amevaa sare ya mgambo, kofia ameiweka gotini. Na pedi aliyoshika ilikuwa imenenepa pande zote mbili kama viazi vitamu viwili vilivyoungana, laini, haina pembe hata moja. Vidole vyake vililala chini yake vimefunguka nusu.

"Mjomba," nikamwambia Haruna, "ile."

"Ile siiuzi. Ndiyo wateja wanayoigombea."

"Naomba ile, mjomba."

"Boksi zima hili lina kasoro gani? Mtoto wa kike unachagua pedi kama unachagua viatu vya Krismasi." Akacheka, akamtazama mama ili wacheke pamoja. Mama alikuwa anamwangalia yule mgambo.

Nikasahau kunyamaza. "Mkono wake haufunguki!" nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Ukikataa watamrudisha kule!"

Muziki wa gemu tu ndio ulioendelea, tiri tiri tiri, na kijitu cha yule mgambo kikatumbukia shimoni kwa sababu ameacha kukiangalia.

"Kule wapi?" akauliza.

Mama akasogea akasimama mbele yangu. "Wodini," akasema. "Hospitali, kwetu Kasulu. Kijana wangu aliungua mkono. Sista amesema vidole visipofunguka atarudishwa wodini, wakalipasue kovu upya."

Nilimshangaa mama yangu. Sikujua kwamba anaweza kudanganya vizuri namna ile, bila kupumua, akiwa na macho makavu. Nikatikisa kichwa kwa nguvu kuunga mkono uongo wake.

"Na huyo kijana kwao wapi?"

"Kumsenga."

"Kumsenga." Mgambo akaitoa kofia gotini, akaiweka benchini. "Kumsenga kwa nani? Mimi ni mtu wa Kumsenga."

Niliona mgongo wake ukiinuka na kushuka ndani ya blauzi. Haruna alianza kuzipanga pedi ndani ya boksi, moja moja, kwa uangalifu mkubwa mno. Mgambo akaniashiria kwa kidole nimpe kile nilichoshika. Nikampa sabuni. Akaitazama, akaigeuza, akaipitishia dole gumba pale kidole cha mwisho kilipokosekana. Akakaa nayo hivyo. Uso wake sikuweza kuusoma wakati ule, na hadi leo nikijaribu siwezi.

Akainama akachomoa plagi. Televisheni ikatoa mistari. Akauviringisha waya taratibu kuizunguka ile pedi, akanipa.

"Mwambie asiibane. Aishike kama anavyoshika kifaranga." Kisha kwa Haruna, "Mimi nipe bapa yoyote."

"Lakini afande..."

"Nipe bapa, Haruna."

Mama alikuwa ameshafungua pindo la kanga kumlipa Haruna wakati mgambo alipoongea tena, sasa kwa Kiha, bila kutuangalia, macho yake kwenye skrini. "Mama, ukiulizwa siku nyingine, usiitaje Kumsenga. Sema Kasulu tu, unyamaze."

"Ego," mama akaitika. Ndiyo. Ilikuwa karibu haisikiki.

Tukarudi siku hiyohiyo. Pedi niliificha ndani ya gauni, waya ukinichoma tumboni, nikiwa tayari kwa kizuizi. Lakini tulipofika, kamba ilikuwa imelala chini barabarani na hapakuwa na askari hata mmoja. Pikipiki haikuwepo. Lori lilipita bila kupunguza mwendo. Nilifurahi hadi nikamvuta mama nguo nimwonyeshe. Mama alikuwa ameitazama ile kamba, na rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika. Mimi niliona njia nyeupe. Yeye alijiuliza askari wote wamekwenda wapi.

Mama Zuhura alikuwa amesimama barabarani lori liliposimama. Hakuwa amevaa viatu. Sijawahi kumwona Mama Zuhura bila viatu, wala kabla wala baadaye.

"Mama Yusta," akasema, "nilimficha. Wallahi nilimficha, nyuma ya kreti. Walianza asubuhi, nyumba kwa nyumba, wote wasio na karatasi. Wakafika dukani. Wakasema tumeambiwa humu yumo. Mume wangu akasema hayumo. Wakamkamata kwa kola kumpandisha yeye lorini." Akapangusa uso kwa ncha ya mtandio. "Kijana akatoka mwenyewe. Akasema, mwacheni baba, ni mimi."

"Wamempeleka wapi?"

"Wanasema kambini. Wengine wanasema mpakani. Malori yalikuwa mengi."

Nikaitoa pedi ndani ya gauni. "Tumechelewa," nikasema. "Mama, tumechelewa na pedi. Wameona mkono haujafunguka."

Mama hakunielewa. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo. Ilikuwa nyumbani, mlango umefungwa, ndipo aliponiuliza nilimaanisha nini, na mimi nikamweleza yote: Sista, maharage, mkono ukikataa tumrudishe kule. Akanivuta akaniweka mapajani, ingawa nilikuwa mkubwa wa kuwekwa mapajani.

"Wodini, mwanangu. Kule wodini. Sista alisema wodini."

"Ulivyomwambia yule mgambo?"

"Nilimwambia kweli."

Nilipaswa kupata nafuu. Badala yake nililia zaidi. Muda wote ule nilikuwa na kazi: kulikuwa na mlango, na pedi ilikuwa ufunguo, na mimi ndiye niliyeubeba. Sasa mama alikuwa ananiambia kwamba mlango haukuwa pale kabisa. Kilichomchukua Nestori hakikuwa kimeuangalia mkono wake. Hakikujua hata kwamba ana mkono. Nadhani sehemu kubwa ya utoto wangu iliishia mapajani pale, kwa sababu hofu niliyokuwa nayo kabla ilikuwa na sharti ambalo ningeweza kulitimiza, na hii mpya haikuwa na sharti.

Siku zilizofuata zilikuwa za kusubiri habari. Mtu mmoja alikuja akasema amemwona mpakani. Mwingine akasema hapana, yule alikuwa mfupi. Mama aliacha kupika ugali wa kutosha watu watatu, kisha akarudia kuupika, na sahani ya Nestori ikawa inawekwa mezani na kuondolewa. Alikwenda lango la kambi akarudishwa. Akaenda tena na madumu ya mawese, kama mchuuzi wa soko la kambini, na safari hiyo akaingia. Alirudi jua linazama, miguu imejaa vumbi hadi magotini, akakaa kizingitini bila kuvua kanga ya kichwani.

"Yupo," akasema. "Amekonda, lakini yupo. Nimempa pedi."

Nestori alikaa kambini miaka mingi, na kutoka kule hakurudi kwetu kuishi. Mambo yalipotulia kwao alirudi Ruyigi, na leo ana cherehani mbili na kibao cha jina lake mlangoni. Vidole vilifunguka. Kile cha mwisho tu ndicho kilichobaki kimelala, na husema kinamsaidia kushikilia uzi. Wodini hakuhitaji kurudi. Sista, ambaye baadaye alikuwa anakwenda zahanati ya kambi, alimwambia mama kwamba kama asingeona kwa macho yake asingeamini.

Lakini mimi wakati ule sikujua hayo yatakavyokwisha. Nilichojua ni kwamba kambini hakuna umeme, hakuna televisheni, hakuna dude la kuchomeka kaseti, na kwamba tumempelekea mtu pedi isiyo na pa kuchomekwa. Nilimwonea huruma kwa hilo kuliko kwa yote. Mama aliponichukua kwenda naye kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimejiandaa kumkuta ameitupa, au ameibadilisha na chumvi.

Tulimtafuta kati ya safu za vibanda vya turubai, tukauliza, tukaelekezwa, hadi tukasikia kelele. Kundi la watoto lilikuwa limekaa chini, limebanana, linatazama ukuta wa kibanda. Turubai jeupe tupu, limepigwa na jua. Na mbele yao, ameketi juu ya dumu, Nestori ameshika ile pedi kwa mikono yote miwili, waya wake umelala mavumbini, plagi haikuchomekwa popote. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimelala chini ya pedi, vimefunguka. Dole gumba lilikuwa linakimbia.

"Shimo linakuja," akasema kwa Kirundi, macho kwenye turubai. "Kubwa. Kubwa kuliko la jana."

"Ruka!" watoto wakapiga kelele. "Ruka, ruka!"

Dole likabonyeza. Watoto wote wakazuia pumzi, vichwa vimeinuka pamoja kufuata kitu kinachopanda angani, kisha vikashuka pamoja. Wakashangilia. Mmoja akawa anamvuta shati akidai zamu yake imefika, na mwenzake akamsukuma akisema bado, hajafa.

Sikuweza kujizuia. Nilipita katikati yao nikaenda kusimama mbele yake, nimwone vizuri, nivione vile vidole kwa karibu. Nestori akainua uso, akanitambua, akafungua kinywa.

Mtoto mdogo aliyekaa mbele kabisa akanigusa mguu, amekasirika.

"Dada," akasema, "sogea huko. Hatuoni."

Nikasogea.